Mama Mkwe na Mlango wa Nyuma

Malaba,
4 Machi 2024

Shangazi Nerima,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeandika kwa kalamu kama ulivyoagiza, kwa kuwa ulisema simu ni ya kutangazia misiba na kuulizia bei ya mbolea, na mambo yenye uzito yaandikwe. Huku sote tu wazima. Yvonne ananenepa na anasema ni upepo wa Malaba. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa kila akizungumza anapiga mluzi bila kutaka.

Ghala linakwenda vizuri kupita nilivyoota. Mahindi yanaingia kutoka ng'ambo, malori yanasimama mstari mpaka kwenye kituo cha mafuta, na magunia nimeyapanga hadi yakagusa mabati. Hata ndege waliokuwa wamejenga darini wamehama. Mlango wa nyuma, ule unaotazama mtoni, nimeufunga kwa kufuli tatu, maana magunia yalikuwa yakivuka kwenda Uganda bila pasipoti.

Sasa nisikilize, kwa sababu nina tatizo ambalo sijui mwanamume mwingine aliyewahi kulipata. Mwezi wa Januari msimamizi wangu, Emorut, aliajiri wanawake wa kuchambua mahindi. Walikuja kikundi kizima cha kanisa kutoka Angurai, naye akawachukua wote bila kuuliza ni akina nani. Asubuhi ya kwanza niliingia kuwakaribisha wafanyakazi wapya. Nilikuwa nimefika katikati ya hotuba wakati mwanamke mmoja karibu na ukuta alipoinua uso kutoka kwenye ungo. Alikuwa mama mzazi wa Yvonne. Nilitoka kinyumenyume, Shangazi, na hotuba ikabaki humo ndani bila mwisho.

Yvonne alipomuuliza, alijibu kwamba amekuja kuchambua mahindi, hakuja kumtembelea mkwe, na kama mkwe anaona haya basi atazame upande mwingine.

Ulifanya kazi ofisi ya leba pale Busia miaka mingi, ukipiga taipu kesi za waajiri na waajiriwa. Niambie: mtu anamfutaje kazi mama mkwe wake? Siwezi kumwita ofisini, kwa sababu ofisi yangu ina viti viwili na vimegusana. Kwa mila yetu ya wakwe, siwezi kumpa mkono wa kwaheri. Hata jina lake siwezi kulitaja. Katika barua hii atakuwa Mama wa Angurai.

Okurut, yule kijana mpakiaji aliyekuletea mahindi ya kuchoma wakati wa Krismasi, anakusalimu sana. Yuko kwao, amepumzika kidogo.

Mwana wa kaka yako,
Austine Egesa


Busibwabo,
15 Machi 2024

Mwanangu Austine,

Barua yako imefika ikiwa kavu. Mwandiko wako umeboreka, ingawa bado unaandika kama mtu anayekimbizwa. Hapa nyumbani ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama dume mwenye hasira. Kwaya imepata mwalimu mpya wa sauti ya nne, ambaye mwenyewe hana sauti yoyote. Maharagwe yamechipuka.

Kuhusu mama mkwe wako, jibu ni fupi. Kuwa mama wa mke wa mwajiri si kosa la kazi. Anachambua vizuri au vibaya? Kama ni vizuri, mwache achambue.

Baada ya hapo nilisoma barua yako mara ya pili na nikaacha kumfikiria mama mkwe. Nilifikiria mlango. Moto ukianza upande wa mbele watu wakiwa wamekaa na nyungo zao, watatokea wapi? Funguo za hizo kufuli anazo nani, na mtu huyo akiwa benki itakuwaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini haikutungwa kwa ajili ya viwanda vya Nairobi peke yake. Inamtaka mwenye mahali pa kazi, hata pawe na mabati makuukuu, ahakikishe kwamba aliye ndani anaweza kutoka bila kwanza kumtafuta mwenye ufunguo. Inamtaka apange mizigo isimwangukie mtu. Inamtaka atoe vifaa vya kujikinga, na asimkate mfanyakazi mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Inamtaka pia awafundishe watu hatari za kazi kabla hatari hazijawafundisha zenyewe.

Nilipiga taipu maneno hayo kwa miaka mingi, na mara nyingi mtu aliyeketi upande wa pili wa meza yangu alikuwa amekosa vidole, au alikuwa mjane. Ndiyo maana nayakumbuka.

Swali moja la mwisho. Okurut amepumzika kutokana na nini?

Shangazi yako,
Nerima


Malaba,
8 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Tumefurahi kusikia habari za ndama; Yvonne anasema mpewe ruhusa ya kumwita Austine. Mvua imeanza na barabara ya kwenda mpakani imekuwa uji. Jana lori la chumvi lilizama mpaka tumboni, na watu wakatoka na sufuria.

Umeniuliza kuhusu mlango. Shangazi, wewe huwajui watu wa mto huu. Mlango ule ukiwa wazi, gunia linaingia kwangu asubuhi, na mchana mtu wa ng'ambo ananipigia simu kuniuliza kama nahitaji mahindi mazuri. Ninaposikiliza anavyoyasifu, nayatambua kuwa ni yangu. Kwa hiyo kufuli zimebaki. Lakini usifikiri siwajali watu. Nimenunua kofia ngumu, nzuri kabisa, ya manjano. Imetundikwa ofisini, na kila mgeni huivaa.

Kuhusu Mama wa Angurai, nimepata utaratibu. Kabla sijaingia ghalani, Emorut hutangulia. Akikohoa mara moja, maana yake mama yuko upande wa kuchambulia, nami nabaki upande wa malori. Akikohoa mfululizo, maana yake mama anakuja, nami najificha. Tatizo ni kwamba vumbi la mahindi humkohoza Emorut kwelikweli. Jumanne nilijikunyata nyuma ya mizani mpaka chakula cha mchana kikaisha, na madereva wawili wakanisalimu humo humo bila kuniuliza kitu. Baadaye nikaambiwa mama hakuwapo tangu asubuhi. Alikuwa amekwenda kliniki.

Kwa sababu hiyo upande wa kuchambulia sijaukanyaga tangu Januari. Emorut huniambia uko sawa.

Okurut anaendelea vizuri. Ni kijana mwenye nguvu.

Akupendaye,
Austine


Busibwabo,
19 Aprili 2024

Austine,

Tu wazima. Ndama amempiga teke mwalimu wa kwaya, na kwa mara ya kwanza tumesikia sauti yake.

Kesho nakwenda Busia mjini kwa shughuli zangu, kwa hiyo sitaandika mengi. Umesema kwamba sehemu ya mahali pako pa kazi hujaiona tangu Januari, na umeisimulia kwa namna ya kuchekesha. Nilicheka. Kisha nikaiweka barua mezani na sikucheka tena.

Okurut anaendelea vizuri kutokana na nini?

Nerima


Malaba,
28 Mei 2024

Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuandikia mwishoni mwa Aprili, lakini mwendesha bodaboda niliyempa barua alipata abiria wa Tororo, akavuka naye, akapata abiria mwingine, na barua ikaishi katika koti lake wiki tatu. Ilirudi ikinuka dagaa wa omena. Nimeitupa, maana mambo yaliyotokea tangu hapo yameifanya kuwa ya uongo.

Yvonne na mtoto ni wazima. Mimi sijui kama ni mzima.

Mapema mwezi huu alikuja mwanamke mwembamba mwenye mkoba. Akasema anaitwa Bi. Naliaka, afisa wa usalama na afya kazini. Nilimkaribisha kwa furaha, nikampa ile kofia ya manjano. Aliivaa, akaikaza, kisha akaniuliza wengine wote wanavaa nini. Nikamwambia kwamba wengine wamezoea. Akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema.

Halafu, Shangazi, hakuuliza kama ghala lina mlango wa nyuma. Alisema, "Tuanzie kwenye ule mlango wenye kufuli tatu."

Nilimwongoza mpaka mahali magunia yanapokata kona, nikasimama. Nikamweleza kwamba mbele ya hapo siwezi kwenda, kwa sababu mama mkwe wangu yuko kazini. Akasema yeye ni mtu wa Bungoma na heshima ya wakwe anaijua. Hata kaka yake aliwahi kuruka ua na kuacha kiatu alipomwona mama mkwe akija na mtungi. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa ni sehemu gani ya ripoti aandike kwamba mwajiri hajui kilichomo ghalani mwake kwa sababu ameoa.

Emorut akawatoa wanawake wote nje uani, nami nikaingia.

Vumbi limejaa kule kama ukungu wa alfajiri. Balbu imeungua. Njia ya kufikia mlango imezibwa na magunia, mtu apite kwa ubavu. Na juu ya pale wanapokaa wanawake, mrundo umeinama kama mtu anayesoma gazeti la jirani yake, umezuiliwa kwa nguzo moja tu ya mkaratusi. Mikeka yao ilikuwa chini yake, na kila mkeka una alama ya mtu aliyekaa. Mkeka mmoja ulikuwa na kanga iliyokunjwa ninayoijua. Niliinunua mimi, siku ya mahari.

Umeniuliza mara mbili kuhusu Okurut. Alipanda juu ya mrundo huo huo mwezi wa Februari, bila ngazi, kwa kuwa hatukuwa na ngazi. Aliteleza akavunjika paja. Nilimwambia Emorut ampeleke hospitali, nami nikarudi kwenye malori. Sikuitaarifu ofisi yoyote, ingawa sasa najua nilipaswa kuitaarifu upesi. Na wewe sikukuambia.

Bi. Naliaka ameniachia amri. Mlango ufunguke kutoka ndani, mrundo ushushwe, ziwepo ngazi, barakoa, taa na feni. Tena, kwa kuwa watu wangu wamezidi ishirini, lazima iwepo kamati ya usalama, nusu upande wangu na nusu upande wao, na wao wachague wawakilishi wenyewe. Atarudi mwezi wa Julai kutazama zoezi la watu wote kutoka nje. Zoezi likishindikana, atafunga lango mpaka litakapofaulu. Shangazi, Julai ni mavuno. Lango likifungwa Julai, mahindi yatapita yaende kwa wengine, na watu hawa wote watarudi makwao mikono mitupu kwa ajili ya ukaidi wangu.

Jumatatu tulifanya uchaguzi. Walikataa karatasi, walitaka mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Emorut alijipeleka mbele kugombea. Nyuma yake alisimama mbwa wa mlinzi. Wengine wote walijipanga mstari mmoja uliozunguka mizani ukatokea uani, na kwenye kichwa cha mstari, akiwa bado ameshika ungo, alikuwa Mama wa Angurai.

Nilimtuma Emorut awaulize wamechaguaje hivyo. Mpakiaji mmoja alijibu kwa sauti, ili nisikie nilipokuwa nyuma ya lori.

"Bosi, mwingine yeyote tukimtuma kwako utamfokea. Huyu huwezi. Huyu akija, ni wewe utakimbia."

Walicheka mpaka lori likatikisika. Nami nilicheka, Shangazi, nikiwa nimeziba mdomo.

Nina swali moja. Nani alimwambia Bi. Naliaka kwamba kufuli ni tatu?

Austine


Busibwabo,
9 Juni 2024

Mwanangu Austine,

Barua yako imefika, na hii haikunuka kitu. Sisi ni wazima. Mwalimu wa kwaya amepona nyonga, na sasa anafundishia akiwa amesimama mbali na zizi.

Umeuliza ni nani aliyesema. Maharagwe tumevuna, na mwaka huu ni mengi. Yametoka ya rangi mbili, mekundu na ya madoadoa, jambo ambalo sikulitarajia kwa kuwa mbegu ilikuwa moja. Nimemwekea Yvonne debe.

Nikuongezee hili. Sheria haimruhusu mwajiri kumwandama mtu aliyepeleka malalamiko. Kwa hiyo hata ungemjua mtu huyo, ungemfanya nini? Ungemsalimu tu. Basi endelea kuwasalimu watu wote.

Kuhusu uchaguzi, wafanyakazi wako wana akili kuliko ulivyoniandikia. Huwezi kuufuta. Huwezi kumwomba Mama wa Angurai ajiuzulu, na hata ungeweza, ungemwombaje? Utakaa naye kwenye kamati. Nimeitafuta sheria yote kichwani mwangu, na hakuna mahali inaposema kwamba wajumbe watazamane. Hakuna mahali inapokataza wapeane migongo. Heshima ya mkwe haijadaiwa iondoke. Kinachodaiwa ni kazi ifanyike. Sisi wanawake tumechota maji kwenye visima vimoja na baba wakwe zetu maisha yetu yote, na hakuna aliyekufa kwa kiu.

Sasa nijibu hili. Umeshamwona Okurut? Sikuulizi kama umemtumia kitu. Nauliza kama umekaa kwenye kiti nyumbani kwao.

Nerima


Malaba,
24 Juni 2024

Shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi. Yvonne anashukuru kwa maharagwe. Mtoto ameota jino moja, na mluzi umepanda juu zaidi.

Kamati imekutana. Tulifanya kama ulivyosema. Viti viwili viliwekwa uani, kimoja kikitazama barabara na kingine kikitazama mto, na Emorut akakaa katikati ili maneno yapitie kwake. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikiana tukipumua. Wapakiaji wote walikuwa wamepata sababu ya kupumzika hapo karibu.

Mama alianza. "Mwambie mkwe wangu kwamba nguzo ile inayashika magunia kama mlevi anavyomshika mlevi mwenzake."

Emorut akanigeukia, akasema, "Mama anasema mrundo hauko vizuri sana."

"Sikusema hivyo. Peleka kama nilivyokupa."

Emorut akarudia na walevi wote wawili. Nikasema aambiwe nimeelewa. Akaambiwa.

"Mwambie nimesikia. Mwambie kuelewa hakujateremsha gunia hata moja."

Shangazi, sijawahi kupangwa vizuri namna hiyo na mtu asiyenitazama. Alitaka mrundo ushushwe mpaka kimo ambacho mwanamke akinyoosha mkono anagusa juu. Alitaka barakoa za kila mtu, si za kuazimana. Alitaka feni iwekwe upande wa mto. Kila jambo lilikwenda kwa Emorut, likaja kwangu, likarudi kwa Emorut, mpaka maskini akaanza kunijibu mimi kwa Kiteso cha mama na kumjibu mama kwa Kikhayo changu. Tulipofika kwenye mlango nilijitetea. Nilisema wezi watanimaliza.

Kisha akasema, "Mwambie aondoe kufuli, aweke komeo la ndani, la kusukuma tu. Halafu mkeka wangu nitauhamishia pale pale mlangoni. Aniletee huyo mwizi."

Wapakiaji walipiga makofi. Wawili hawakupiga, nami nimewakumbuka nyuso.

Komeo limewekwa. Tangu siku ile halijapotea gunia, maana hakuna mwanamume ghalani mle mwenye ujasiri wa kumpita akiwa na kitu begani. Mrundo umeshuka. Ngazi zimefika. Barakoa zilifika Ijumaa, na Emorut amevaa yake siku nzima na hakukohoa hata kidogo, jambo lililoniponza, kwa sababu utaratibu wetu wa kukohoa umekufa na sasa sijui mama yuko wapi.

Nilikwenda kwa Okurut. Nilikaa kwenye kiti. Mguu umenyooka lakini bado anatumia fimbo. Nilimwambia kwamba ofisi imetaarifiwa sasa na fidia yake inashughulikiwa, na kwamba ni haki yake, si zawadi yangu. Mama yake alileta chai, tukainywa. Kisha Okurut akaniuliza kama ngazi imenunuliwa. Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Basi nitarudi, bosi. Lakini siku ya kwanza nitaipanda wewe ukiwa umeishika."

Nimekubali.

Zoezi ni mwezi ujao. Sili vizuri.

Mwanao,
Austine


Busibwabo,
5 Julai 2024

Mwanangu,

Sisi ni wazima, na mvua imepungua.

Nimesoma sehemu ya Okurut mara kadhaa. Usitarajie niseme zaidi ya hapo.

Kula. Mwajiri anayezirai siku ya zoezi anahesabiwa kama ajali, na itabidi ajiandikie ripoti mwenyewe.

Hukutaja choo. Wanawake wana chao na wanaume wana chao, au wanapokezana? Nijibu kwa barua. Jambo la choo sitalizungumza kwa simu.

Nerima


Malaba,
19 Julai 2024

Shangazi Nerima,

Sote ni wazima, hata ndege wamerudi darini. Vyoo ni viwili. Cha pili kimekamilika jana, na rangi bado inashika. Bi. Naliaka amenituma nikusalimu. Sikumuuliza amekujulia wapi. Nilisema salamu zitafika.

Alikuja Jumatano akiwa na saa mkononi. Alitukusanya akatuambia kwamba moto umeanzia mlango wa mbele, kwa hiyo mlango wa mbele haupo tena duniani, na kila mtu atokee nyuma mpaka kwenye kisima. Kengele yetu ya hatari ni sufuria kuukuu. Mlinzi aliipiga kama mtu aliyeingoja kazi hiyo maisha yake yote, na mbwa akamsaidia.

Shangazi, walitoka vizuri, ungependa. Wanawake wa kanisa walitoka kwa mstari wakiimba wimbo wa maandamano, ingawa hakuna aliyewaagiza kuimba. Mpakiaji mmoja alitoka na gunia begani kwa mazoea. Akaambiwa moto haumsubiri mtu mwenye mzigo, akalitupa. Emorut alitoka amevaa kofia ngumu, kwani siku hizi kila mtu ana yake. Mama wa Angurai alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwenye fremu, akimgusa kila mtu begani anapopita na kumhesabu. Mwakilishi wa usalama ndiye mwenye kazi hiyo. Niliipitisha mimi mwenyewe kwenye kamati.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kimoja. Nilikuwa ndani.

Watu walipokwisha kutoka, nikaelekea mlangoni, na hapo nikamwona. Mlango ule haupitishi watu wawili bila nguo zao kugusana. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikarudi nyuma ya mizani, mahali pangu pa siku zote, nikamngoja asogee. Naye hakusogea, kwa sababu alikuwa akimngoja wa mwisho. Sufuria ililia. Huko nje nilimsikia Emorut akikohoa kwa nguvu zake zote, mtu mwenye mapafu safi kabisa, akijaribu kuniambia jambo nililolijua.

Sufuria ikanyamaza. Nikamsikia mama akisema, "Mmoja hayupo."

Bi. Naliaka akauliza ni nani. Watu wote walikuwa wanajua. Nilitazama mabati, nilitazama mahindi, nikafikiria lango limefungwa, malori yanageuza, kina mama wanapanda gari kurudi Angurai na nyungo zao. Nikafikiria kwamba kama moto ungekuwa wa kweli, ningekuwa nimeshakufa kwa adabu nyuma ya mizani.

Ndipo mama akageuka. Hakumtafuta Emorut. Alitazama ndani, akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari.

"Austine," alisema. "Toka. Nikikuacha humo ndani, binti yangu nitamwambia nini?"

Niliinamisha kichwa nikaenda. Nilipita karibu naye, bega langu likasugua kanga yake, akanigusa kama alivyowagusa wengine, na mbingu haikuanguka. Nje macho yote yalikuwa kwangu. Kisha mtu mmoja akacheka, na baada yake hakuna aliyeweza kuzuia. Okurut, aliyekuwa amekuja kutazama zoezi, alicheka akining'inia kwenye fimbo yake. Bi. Naliaka aligeuka upande wa mto kwa muda mrefu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Aliporudi kututazama alisema kwamba tumechelewa, na kwamba sababu ya kuchelewa ameiona. Alisema lango halitafungwa. Alisema tutarudia zoezi mwezi wa Septemba, na mwajiri atangulie kujifunza kutokea mlango wake mwenyewe.

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amewapanga watu tena pale kisimani, mstari ulionyooka, akaanza kuhesabu upya, na safari hii alianza na mimi.

Mwana wa kaka yako,
Austine